Picha za Bado

Kamwene kwenu wa Iringa. Mugonile wa Mbeya. Na wewe uliye njiani na lori la mbao, uliyefungua redio ili usisinzie kwenye usukani, salamu zako ni hizi hizi, kaa nasi.

Wasikilizaji wapendwa, jioni ya leo tunamkumbuka mpiga picha. Jina lake Evarista Nyaulingo. Narudia: Evarista Nyaulingo, mzaliwa wa Igowole, wilaya ya Mufindi, aliyefanya kazi Mafinga na kujulikana mpaka Mbeya. Ametutoka mwezi uliopita baada ya kuugua mapafu, akiwa na miaka hamsini na moja. Amezikwa kwao Igowole, pembeni ya kaburi la mama yake.

Wengi wenu mnamfahamu kwa jina jingine. Mama Bado. Pale Mafinga kuna watu hawajui kabisa kwamba aliitwa Evarista. Ukiuliza studio ya Evarista watakukodolea macho. Ukiuliza kwa Mama Bado, dereva wa bodaboda atakupeleka, na njiani atakusimulia jinsi mama huyo alivyompiga picha akiwa anapiga mwayo.

Basi leo tulieleze hilo neno. Bado. Maana ugomvi wa mama huyu na watu wake, na heshima aliyoipata kwa watu hao hao, vyote vimetoka katika neno hilo moja.

Tuanze na harusi.

Ni miaka ya tisini. Tuko Igowole. Evarista ni binti wa miaka kama ishirini, na kaka yake, Jofrey Nyaulingo, anaoa. Bibi harusi anaitwa Gloria. Evarista ameazima kamera kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na amepewa filamu moja. Nyinyi vijana wa simu mnisikilize vizuri hapa: filamu moja ni filamu moja. Ikiisha imeisha, hakuna kufuta, hakuna kurudia.

Sasa sisi watu wa Nyanda za Juu tunajijua. Ukituambia kuna picha, hatusimami hivi hivi. Lazima turudi ndani kwanza. Lazima koti lifungwe vifungo vyote. Anaitwa shangazi, na shangazi naye anataka abadilishe kitenge. Tukishajipanga, tunanyoosha mikono ubavuni, tunakaza shingo, tunakunja uso. Mtu ana furaha ya kuoa, lakini pichani utadhani amekamatwa.

Basi Evarista akainua kamera, akauliza, "Tayari?"

Wakamjibu, "Bado!" Mama alikuwa anatafuta pini ya shela, na pini yenyewe ameibana kwa meno.

"Tayari?"

"Bado!" Mvua ilikuwa imenyesha, na tope la Igowole mnalijua, likishika limeshika. Bwana harusi ameinama pale kwenye ngazi za kanisa, anafuta kiatu cha bibi harusi kwa leso yake mwenyewe, ile nyeupe ya mfukoni.

Na kila waliposema bado, kidole cha Evarista kilibonyeza. Mwenyewe alisema maisha yake yote kwamba hakukusudia. Alisema mkono ulimtangulia. Watu walipokwisha kujipanga, wakakaza shingo, wakasema kwa sauti moja, "Tayari!" Akabonyeza. Kamera ikagoma. Filamu ilikuwa imekwisha.

Wasikilizaji wapendwa, harusi nzima haikuwa na picha hata moja ya watu waliosimama wakatulia.

Jofrey leo ni mzee wa kanisa, na ni mtu wa kucheka. Wakati ule hakucheka. Alituambia mwenyewe, tulipokwenda kumpa pole nyumbani kwake:

"Nilitaka kulia, nakuambia ukweli. Picha zimerudi kutoka kusafishwa, nafungua bahasha, mimi nimeinama kila mahali. Mgongo wangu, mgongo wangu. Nikamwambia, Eva, umeniaibisha. Harusi yangu haina picha."

Jofrey na mkewe walivaa upya nguo za harusi, wakapanda gari mpaka Mafinga, wakasimama ndani ya studio mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, wakakunja uso vizuri kabisa. Picha hiyo ndiyo iliyotundikwa sebuleni. Zile nyingine alimrudishia dada yake. Akamwambia, "Hizi kaa nazo mwenyewe. Hizi siyo picha. Hizi ni picha za bado."

Ndipo jina lilipotoka. Alilisema kaka yake wa damu, kwa hasira, na dada mtu akalichukua, akaishi nalo.

Evarista hakuzitupa picha zile. Aliziangalia, akaziangalia tena. Na kadiri alivyoziangalia ndivyo alivyozidi kuamini kwamba kaka yake amekosea. Alikuja kumwambia binti yake, Blessing, maneno haya: "Mtu akishakuwa tayari, anakuwa amekwisha kuondoka. Linabaki koti tu." Tangu hapo akatamani kitu kimoja. Kitu kimoja tu, wasikilizaji. Kwamba siku moja mtu atokee, kwa hiari yake, atundike picha ya bado sebuleni kwake, mbele ya wageni.

Mnacheka? Hebu jaribuni. Nenda katundike picha yako ukiwa umefumba jicho moja, halafu mkaribishe mchungaji chai.

Alifungua studio yake Mafinga, chumba kimoja karibu na stendi. Alipiga picha za pasipoti. Alipiga picha za kipaimara. Alikuwa na pazia lake la nyuma, limechorwa ndege ya abiria, na watu walipenda sana kusimama pale chini ya bawa. Aliwapa watu walichokitaka, picha ya tayari, safi, shingo imekazwa. Kisha alibaki na zile alizozipiga kabla, anazihifadhi kwenye boksi la viatu. Boksi likajaa. Likaja la pili. Na ukutani kwa watu, kimya.

Miaka ikaenda, rangi ya ile ndege ikapauka. Mtu akamwambia, nenda kule nyuma ya mashine za kupasua mbao, kuna Mnyakyusa anachora vizuri, atakutengenezea pazia jipya.

Mnyakyusa huyo alikuwa Asukile Mwakatobe. Wa Mbeya mnamjua, ni mtu wenu, mtu wa Uyole. Alikuja Mafinga kuandika maandishi kwenye malori ya mbao, na alitamba katika jambo moja: hakutumia rula. Mkono wake ulivuta mstari mrefu ubavuni mwa lori, umenyooka, huku anaongea na wewe. Baadaye akaanza kuchora kwenye mabanzi. Mabanzi ni yale maganda ya gogo yanayobaki mbao zikishapasuliwa, upande mmoja umenyooka, upande wa pili una magome. Sisi tunajengea mabanda ya kuku. Asukile alichora watu juu yake. Gome akaliacha pale pale, likawa blanketi la mama anayechuma chai, au kofia ya mbeba mbao. Banzi la paina, bure kabisa, mtu anatoka ndani yake anakutazama.

Evarista aliingia kwenye karakana ile kuomba pazia. Alikaa miaka. Na pazia lenyewe halikuchorwa mpaka leo.

Kilichomkalisha ni watu. Mafinga mwezi wa sita kuna baridi ya kukata, na Asukile alikuwa na jiko la pipa linalowaka kwa pumba za mbao asubuhi mpaka jioni. Basi watu walikuja kuota moto, wanabaki kwa maneno. Alikuwepo Asukile mwenyewe, bwana mkubwa, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alikuwepo mke wake, Esnath, ambaye watu wote walimwita mama Lusekelo kwa jina la mwanawe wa kwanza, na ambaye chai yake na ulimi wake vilikuwa vya moto sawasawa. Alikuwepo Liberatus, fundi seremala wa jirani, Mkatoliki, sauti nzito ya kwaya, kichwa hakina unywele hata mmoja. Wengine walikuja na kuondoka. Hao watatu ndio nguzo.

Evarista aliiweka kamera yake mezani, katikati ya vikombe vya chai. Aliiacha hapo. Watu wakaizoea, wakawa wanaisogeza kama wanavyosogeza kopo la sukari. Halafu katikati ya mazungumzo anaiinua taratibu, anauliza kwa utani, "Tayari?"

Na Liberatus, kila mara, anapapasa kipara chake: "Bado, dada, sijachana nywele."

Watu wanaangua kicheko. Hapo hapo anabonyeza.

Ninazo baadhi ya picha hizo hapa mezani, Blessing ametuazima. Natamani mngeziona, lakini redio ni redio, nitawasimulia. Hii moja, Liberatus anaimba, macho ameyafumba, anaongoza kwaya isiyokuwepo kwa patasi. Hii nyingine, Esnath anapuliza moto, mashavu yamefura, na nyuma yake kuna banzi lenye sura ya mzee mmoja aliyechorwa naye mashavu yamefura. Na hii, Asukile anakula kiazi cha kuchoma, rangi ya bluu imetoka vidoleni imehamia kwenye kiazi, na yeye anakula tu, mawazo yako mbali.

Hizi ndizo picha za bado. Walizicheka, wakapeana, wakarudisha kwenye boksi. Hakuna aliyetundika.

Halafu, wasikilizaji wapendwa, mkono wa Asukile ukaanza kutetemeka.

Ulianza kidogo, kwenye kikombe. Ukaja kwenye brashi. Madaktari walisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, utamsumbua lakini hautamuua haraka. Kwa mtu mwingine lingekuwa tatizo la kiafya. Kwa mtu aliyeishi kwa kutamba kwamba hatumii rula, ilikuwa aibu. Alianza kuficha mkono mfukoni. Mtu mgeni akiingia karakana, anaweka brashi chini, anajifanya anapumzika.

Lakini kazi haikusimama, na hapa ndipo penye utamu. Esnath alikaa kwenye kigoda pembeni yake, akamshika kifundo cha mkono. Hakumwongoza. Alimshika tu, kwa uzito wa kutosha, mkono ukatulia, brashi ikatembea. Banzi lilipocheza, Liberatus alilibana kwa magoti yake mawili. Watu watatu wanachora mstari mmoja. Na wanaongea umbea muda wote, wanacheka, kana kwamba ndivyo wachoraji wote duniani wanavyofanya kazi. Nje ya karakana hakuna aliyejua. Walikubaliana hivyo bila kukubaliana.

Siku moja Evarista akauliza, "Tayari?" Liberatus akajibu jibu lake la nywele. Kamera ikalia.

Picha hiyo nimeishika sasa hivi. Asukile amekaza macho kwenye brashi. Esnath amemshika mkono, lakini uso wake umegeukia kwa Liberatus, anacheka mpaka pengo linaonekana. Liberatus amebana banzi, kikombe cha chai amekishika kwa meno. Sijui niwaambieje. Ukiitazama unatamani uvute kigoda ukae.

Mwaka ule ule, watu wa Mbeya wakamwandalia Asukile maonyesho mjini, kwenye ukumbi. Mtu wao anarudi nyumbani na mabanzi yake. Na wakaomba jambo: pamoja na michoro, wanataka picha za maisha ya karakana. Siyo za kusimama. Za watu wakiwa kazini, wakiwa kwenye chai, walivyo. Hawakujua zinaitwaje, wasikilizaji, lakini walichoomba ni picha za bado. Kwa mara ya kwanza tangu harusi ya kaka yake, kuna ukuta unaozitaka.

Evarista akabeba maboksi yake mpaka karakana. Wakachagua pamoja. Asukile akakubali ya kiazi. Akakubali ya patasi. Akakubali ya jiko, Esnath akalalamika majivu usoni, ikapita. Kisha Evarista akaweka mezani ile ya mkono.

Asukile akaisukuma pembeni. Kisha akasema, "Hiyo hapana."

"Kaka, hiyo ndiyo kubwa kuliko zote."

"Nimesema hapana. Unataka wa kwetu waseme nini? Asukile anashikwa mkono kama mtoto wa chekechea anaandika a, e, i, o, u? Nimetoka Uyole naitwa mkono ulionyooka. Nirudi hivi?"

"Kaka, hizi nyingine zote ni vichekesho. Watu watacheka, watakwenda zao. Kazi yenyewe ni hii. Mimi siwezi kupeleka vicheko nikaiacha kazi nyumbani."

"Basi usipeleke."

"Basi sipeleki hata moja."

Walikuwa wamepandisha sauti, na Evarista naye alikuwa na kichwa chake, tusimpake mafuta. Asukile akamaliza kwa neno baya: "Toka na hiyo kamera yako, na usirudi nayo hapa."

Akaondoka. Alipita na maboksi yake katikati ya magogo ya msitu wa Sao Hill, analia waziwazi, wapakiaji wa mbao wanamtazama. Blessing alikuwa binti wa sekondari. Anakumbuka mama yake alivyofika nyumbani: "Alisema, nimepoteza ukuta na nimepoteza watu wangu kwa siku moja. Lakini hakusema amekosea. Mama hakulisema hilo."

Angeweza kuipeleka kwa siri. Waandaaji walikuwa wanampigia simu. Hakuipeleka. Kwake, picha ya mtu ni ya mtu, hata kama umeipiga wewe.

Sasa msikieni Esnath. Tulimfuata Uyole, akatusimulia anacheka peke yake. Kesho yake asubuhi, Asukile alikaa mbele ya banzi, akachovya brashi, akanyoosha mkono wake kama kawaida, akasubiri. Esnath alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Mama Lusekelo, tuanze."

"Bado."

Akasubiri. "Mama Lusekelo."

"Bado. Namenya."

"Viazi gani hivyo visivyokwisha?"

Esnath akaja mlangoni, kisu mkononi. Haya ni maneno yake mwenyewe: "Nikamwambia, baba Lusekelo, miaka yote nilijua mimi niko jikoni. Jana nimeona picha, kumbe na mimi niko ndani ya kazi. Sasa wewe unasema mkono wangu usionekane Mbeya. Sawa. Kama hautakiwi Mbeya, na huku ubaki na viazi."

Akarudi kumenya.

Liberatus, mtu mwema, akajitolea kushika yeye. Lakini mkono wa seremala unajua kushika mbao. Alimbana Asukile kama amembana kwenye jiliwa, na mstari ukatoka umepinda kama barabara ya kupanda Kilolo. Wakauangalia. Liberatus akasema, "Mzee, mimi naona twende tukaombe radhi."

Asukile hakwenda na mtu. Alikwenda peke yake, kwa miguu, mpaka studio ya karibu na stendi. Akaingia, akaketi kwenye kile kiti cha pasipoti, chini ya ile ndege iliyopauka ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuichora upya. Evarista akadhani labda ni shida ya kitambulisho.

"Shikamoo kaka. Nikupige?"

"Marahaba. Niulize kwanza."

"Nikuulize nini?"

"Lile neno lako."

Evarista akaichukua kamera. Kisha akauliza, "Tayari?"

Asukile alikuwa ameweka mikono yake juu ya magoti. Hakuificha. Ilikuwa inatetemeka wazi, kulia na kushoto. Akamwambia, "Bado, mdogo wangu. Lakini ipeleke."

Wasikilizaji wapendwa, kwa siku nyingi tumekuwa tukikusanya habari za mama huyu, na mimi binafsi sijapata maneno ya kuyazidi hayo.

Wakaenda Mbeya wote wanne, na mabanzi yamefungwa kwa blanketi nyuma ya gari. Ukumbi ukajaa. Walikuja watu wa Uyole, walikuja wa Mwanjelwa, walikuja wanakwaya. Picha ya mkono ilikuwa ukutani, kubwa, katikati kabisa. Asukile alisimama nyuma ya nguzo. Evarista alisema hakuwahi kuogopa hivyo, hata siku ya harusi.

Akaja kaka mkubwa wa Asukile, mwalimu mstaafu, Gwakisa Mwakatobe, suti na kofia. Yeye ndiye ambaye Asukile alikuwa anamwogopa. Mwalimu Gwakisa akapita mabanzi yote taratibu, akafika kwenye ile picha, akasimama. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye.

Akauliza bila kugeuka, "Huyu aliyemshika mdogo wangu mkono ni nani?"

Esnath akajibu kutoka nyuma, "Ni mimi, shemeji."

Mzee akavua kofia. Akasema, "Ndaga fijo." Asante sana. Akarudia, "Ndaga fijo, mke wetu." Halafu akamwita mdogo wake atoke kule nyuma ya nguzo, akamshika ule mkono mbele ya watu, akauinua juu. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Na Esnath anasema Asukile alilia, na yeye alilia, na Liberatus alilia kwa sauti nzito.

Mwalimu Gwakisa akataka apigwe picha pamoja na mdogo wake chini ya picha ile. Akaanza kufunga vifungo vya suti. Akatafuta pa kuweka kofia. Evarista akainua kamera, "Tayari?" na ukumbi mzima, watu ambao walikuwa wamesikia habari zake jioni ile tu, wakamjibu, "Bado!"

Maonyesho yalipofungwa, Esnath aliomba picha ile. Akaipeleka nyumbani Uyole, walikorudi kuishi, akaitundika sebuleni, juu ya kochi kubwa la wageni. Siku Evarista alipokwenda kuwasalimia aliikuta pale. Aliketi chini yake, akaomba maji, akashindwa kuyanywa. "Nikamwambia, wifi, unalia nini?" anasema Esnath. "Akaniambia, nimeiona sebuleni. Hilo tu. Nimeiona sebuleni."

Asukile alifariki miaka michache baadaye. Picha bado iko pale juu ya kochi. Wageni wanaketi chini yake, wanakunywa chai.

Na baada ya Mbeya, mambo yalibadilika. Watu wa Mafinga walianza kumfuata Mama Bado kwa makusudi. Maharusi walikuja kumwambia, mama, utupige na zile zako. Ukienda leo Mafinga, ukienda Igowole, utakuta sebuleni mama anafukuza kuku pichani, utakuta bwana harusi anapiga chafya. Nyumba kwa nyumba. Huyo ni mwanamke mmoja wa Mufindi, kamera moja, na neno ambalo alilisikia kama tusi. Mimi najivunia kwamba alikuwa wa kwetu. Najivunia sana, na sitaki kusema kwa sauti ndogo.

Ila sebule moja haikubadilika. Kwa kaka yake Jofrey, ukutani, palikuwa na yale maporomoko ya maji. Evarista hakuwahi kumlazimisha. Kila Krismasi alikuja, alikaa mbele ya picha ile ya maji, alikula, alicheka, aliondoka.

Kwa niaba ya redio hii, tunatoa pole kwa Blessing, binti yake, ambaye sasa anaiendesha studio ya mama yake. Pole mzee Jofrey na mama Gloria. Pole mama Lusekelo kule Uyole. Pole fundi Liberatus, ambaye ndiye aliyetengeneza jeneza, na hakukubali mtu mwingine aiguse randa. Mungu awatie nguvu.

Na wewe unayenisikiliza, leo ukiwa nyumbani, tafuta ile picha uliyoikataa. Ile uliyosema nimetoka vibaya. Angalia nani alikuwa pembeni yako, na alikuwa anakufanyia nini wakati wewe hujawa tayari.

Imebaki picha moja, ambayo imepigwa siku ya maziko. Blessing ndiye aliyetusimulia.

Ilikuwa Igowole, mvua imetoka kukatika. Mashada yamekwisha kuwekwa. Mshereheshaji akaita ndugu waje kupiga picha ya mwisho kaburini, kama ilivyo desturi yetu. Mpiga picha hakuwepo mwingine, alikuwa Blessing mwenyewe, na kamera ya mama yake. Ndugu wakajipanga. Wakafunga makoti. Wakakaza shingo. Blessing anasema machozi yalikuwa yamejaa kwenye kioo. Akauliza, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine, "Tayari?"

Watu wote walikuwa tayari. Walikuwa wamesimama wima, kimya. Isipokuwa mjomba wake, Jofrey, mzee wa kanisa, mvi kichwa kizima. Alikuwa ameinama kwenye tope, leso mkononi, anafuta kiatu cha mke wake.

Hakuinua kichwa. Akajibu, "Bado."

Blessing anasema, "Sijui mjomba alikuwa ananijibu mimi au alikuwa anamjibu mama. Nilibonyeza."